Kupanda Mlima Peke Yako Uskoti: Mwongozo kwa Mtu wa Pwani

Kila mwaka vijana wa Mombasa hupata nafasi za masomo au kazi Aberdeen, Glasgow, Edinburgh na Inverness, na haupiti muda mrefu kabla hawajaanza kuitazama milima kwa mbali na kutamani kuipanda. Wengi hutaka kwenda peke yao, ama kwa kuwa bado hawajapata wenzao wa kutembea nao, ama kwa kuwa wanapenda utulivu. Mwongozo huu nimewaandikia wao. Niliishi Inverness miaka miwili na kuipanda milima ya Nyanda za Juu mara nyingi bila mwenzi, na jambo ambalo ningependa kuambiwa kabla ya safari ya kwanza ni kwamba mtu aliyekulia pwani hajui jinsi baridi inavyoanza mwilini mwake, na akiwa peke yake hakuna wa kumtazama usoni na kumwambia kuwa ameanza kubadilika. Kwa sababu hiyo maamuzi makubwa ya siku, hasa saa ya kugeuka, yafanywe nyumbani, akili ikiwa bado ina joto.

Hali ya hewa ya kule

Sisi tumezoea pepo zenye miadi. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, kaskazi hushika mwishoni mwa mwaka na kukaa hadi Machi, na nahodha wa Mtongwe au wa Mji wa Kale anaweza kuipanga miezi yake kwa kuzifuata. Uskoti haina miadi ya namna hiyo. Nchi hiyo iko kwenye njia ya maeneo ya mgandamizo mdogo wa hewa yanayovuka bahari ya Atlantiki kutoka magharibi, moja likifuatwa na jingine, na kila moja huleta upepo wake, mvua yake na baridi yake. Hewa yenye unyevu ikifika kwenye milima hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, na ikipoa mvuke wake hugeuka wingu papo hapo juu ya kilele, hata kama bondeni watu wameketi nje wakiota jua. Kwa hiyo jua la mjini lisikupe uhakika wowote kuhusu mlimani.

Mabadiliko hayo yana mfuatano ambao mtu anaweza kujifunza kuusoma, kama wazee wetu wanavyousoma uso wa bahari. Kwanza huja mawingu membamba ya juu sana, yaliyochambuliwa kama pamba, na pengine duara hafifu kulizunguka jua. Kisha anga huwa zito, upepo hutoka kusini au kusini mashariki na kuongezeka nguvu, na mvua ya mfululizo huanza. Baada ya saa kadhaa upepo hugeukia magharibi au kaskazini magharibi, mvua hukatika na anga hufunguka. Hapo ndipo wageni wengi hudanganyika, wakidhani shari imepita. Kumbe hewa iliyoingia nyuma ya mvua ile ni ya baridi zaidi, inaleta manyunyu ya vipindi na wakati mwingine mvua ya mawe, nayo inamkuta mtu akiwa tayari amelowa.

Tufanye hesabu kidogo. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ikiwa Inverness kuna nyuzi 15, ambazo wenyeji huziita siku nzuri, kwenye kilele cha mita 1,046 kutakuwa na nyuzi 8 hivi, na upepo wa kilomita 50 kwa saa utaufanya mwili uhisi kana kwamba ni nyuzi 3. Mombasa, hata usiku wa mwezi wa Julai, ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 20 kwa kiasi cha kumfanya mtu atafute blanketi la pili. Upepo wenyewe hukua juu kuliko tulivyozoea: tarehe 20 Machi 1986, kituo cha kupimia hali ya hewa kilicho kileleni mwa Cairn Gorm kilirekodi upepo wa ghafla wa maili 173 kwa saa, yaani takriban kilomita 278.

Utabiri wa kusoma si ule wa mjini. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza, Met Office, hutoa utabiri wa milimani, na huduma iitwayo MWIS hutoa mwingine bila malipo kwa kila eneo la milima. Usome jioni ya kuamkia safari na uusome tena asubuhi. Usitazame picha ya jua au ya wingu, bali tafuta mambo manne: kasi ya upepo kwenye vilele, uwezekano wa vilele kuwa nje ya wingu, joto la juu, na saa ambayo mabadiliko yanatarajiwa. Kipimo changu kwa anayeanza na aliye peke yake ni hiki: upepo wa juu ukizidi kilomita 50 kwa saa, tafuta matembezi ya bondeni. Ukifika kilomita 65, kusimama wima tu ni kazi, na mtu mwepesi huangushwa.

Kuchagua mlima na kuipanga saa

Usianze na Ben Nevis kwa sababu tu ni mrefu kuliko yote Uingereza, ingawa mita zake 1,345 zinavutia kutajwa nyumbani. Kilele chake ni uwanda wa mawe wenye magenge makubwa upande wa kaskazini, na kwenye wingu zito watu wamepotea hapo. Mimi humshauri anayeanza aende Ben Wyvis, kaskazini magharibi ya Inverness, kati ya Mei na Septemba. Njia huanzia Garbat, kando ya barabara ya A835 iendayo Ullapool, hupita msituni ikifuata kijito, kisha hupanda kwa mizunguko ya mawe yaliyopangwa hadi bega la mlima liitwalo An Cabar. Kutoka hapo ni mgongo mpana uliofunikwa kuvumwani laini, mimea mifupi inayotanda ardhini kama zulia, zaidi ya kilomita mbili, hadi kilele cha mita 1,046. Kuvumwani ile ni hazina ya mlima huo, ambao ni hifadhi, na huchukua miaka mingi kupona ikikanyagwa, basi shika njia.

Kwenda na kurudi ni kilomita 14 hivi, na kupanda kwake ni kama mita 900. Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo hadi leo inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, na nusu saa ya ziada kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa Ben Wyvis hiyo ni saa 2 na dakika 48 za mwendo, pamoja na saa 1 na nusu za kupanda, jumla saa 4 na dakika 18. Naismith hakuhesabu mapumziko, wala hakumhesabu mtu aliyezoea tambarare ya Kisauni. Ongeza nusu ya muda huo, utapata saa 6 na nusu. Ukianza saa 3 asubuhi, utakuwa umerudi garini saa 9 na nusu alasiri, na saa yako ya kugeuka itakuwa saa 7 na nusu mchana, popote utakapokuwa, hata kama kilele unakiona.

Iandike saa hiyo kwa tarakimu za kizungu, 13:30, kwenye karatasi utakayomwachia mtu na kwenye mkono wako. Saa 7 na nusu yetu ni 7:30 kwa mwenyeji, na tofauti ya saa sita inatosha kabisa kuwatoa watu usiku bila sababu au kuwachelewesha watakapohitajika.

Tena mwanga wa kule haufanani na wetu. Hapa Mombasa magharibi huingia baina ya saa 12 na saa 1 kasoro mwaka mzima, na hatuna haja ya kufikiri. Inverness mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa 4 usiku, ilhali mwezi wa Desemba limeshatoweka saa 9 na nusu alasiri. Miezi ya theluji, ambayo mlimani huanza Novemba na huweza kufika Aprili na zaidi, inahitaji shoka la barafu, miiba ya kuvalisha viatuni na mafunzo ya kujua maporomoko ya theluji. Hilo ni somo la kufundishwa na mtu aliye mbele yako, si la kusomwa, nami silifundishi hapa.

Mavazi na chakula

Adui wa kwanza ni pamba. Shati la pamba na suruali ya jinzi hunywa maji na jasho, hushikamana na ngozi na kuufyonza joto mwili wako hadi mwisho. Kinachovaliwa ndani kiwe sufu nyembamba au poliesta, na kwa kweli jezi ya mpira ambayo kila kijana wa Mombasa anayo ni bora mara kumi kuliko fulana nzuri ya pamba. Juu yake vaa sweta jepesi, na begani ubebe jingine zito zaidi, kavu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Koti la mvua liwe na kofia inayokaza, na suruali ya mvua isisahauliwe, kwa kuwa mapaja yaliyolowa hupoa haraka mno. Kofia ya sufu na glavu hubebwa hata mwezi wa Julai, na glavu ziwe jozi mbili, kwa sababu jozi ya kwanza italowa. Masweta ya sufu na makoti mazuri hupatikana kwenye mitumba ya Kongowea kwa bei ya kawaida, lakini viatu vya mlima vinunuliwe kule na vivaliwe mitaani wiki mbili kabla ya safari, maana kiatu kigeni kitakuchubua kisigino kabla hujafika nusu ya njia.

Chakula chetu kinafaa kuliko watu wanavyodhani. Tende robo kilo, kashata na kipande cha halua haviharibiki, havigandi, na huliwa bila kuvua glavu. Mahamri mawili na chupa ya chai yenye sukari ya kutosha na tangawizi hukamilisha. Kula kidogo kidogo kila saa badala ya kungoja njaa, kwa sababu mwili hutengeneza joto kwa chakula, na njaa ya mlimani huja pamoja na baridi.

Kila unaposimama, iwe ni kwa chai, kwa ramani au kwa sala ya adhuhuri, vaa sweta zito kabla ya kufanya lolote jingine. Ukingoja hadi usikie baridi ndipo ufungue begi, umechelewa. Na kinyume chake, ukianza kupanda mteremko mkali, vua tabaka moja kabla hujatoka jasho, kwa kuwa jasho la mpando ndilo baridi ya kileleni.

Kuijua baridi ukiwa peke yako

Hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, na nitalieleza kwa yaliyonipata. Ilikuwa Septemba, safari yangu ya tatu. Nilipanda mteremko wa An Cabar kwa kasi nikiwa na fulana ya pamba chini ya koti, nikafika juu nimelowa jasho, na pale pale upepo wa kaskazini magharibi ukanipokea. Nilitaka tende. Nikaishika zipu ya begi, ikaniponyoka. Nikaishika tena, ikaniponyoka tena, na nikajikuta nimeikasirikia zipu ile hasira ambayo sijawahi kuikasirikia zipu. Nikavua glavu nikavitazama vidole. Nilijaribu kugusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule, na vikakoma upana wa kidole kimoja kabla ya kukutana. Mkononi nilikuwa nimeandika 13:30. Saa ilionyesha 13:40, na kichwani mwangu sauti ya kawaida kabisa ilikuwa ikisema kwamba zimebaki kilomita mbili tu, tena za tambarare.

Niligeuka. Nilishuka kama mita 150 hadi nyuma ya jabali, nikavua ile fulana, nikavaa sweta kavu, nikanywa chai, na ilichukua dakika ishirini na zaidi kabla vidole havijakutana. Huko chini ndipo nilipotambua kwamba ile sauti ya kawaida ilikuwa yenyewe ni dalili.

Baridi inayoingia mwilini huanza kwa kutetemeka, kisha vidole huwa vizito, ulimi huwa mzito, miguu hujikwaa kwenye jiwe dogo, na tabia hubadilika: mtu huwa mkali bila sababu, au hukosa kujali. Mbaya zaidi ni pale kutetemeka kunapokoma ilhali hujapata joto, kwani huo ni mwili ulioshindwa. Mtu mwenye mwenzi huonwa na mwenzi wake. Aliye peke yake ajipime kwa ratiba, si kwa kuhisi: kila nusu saa, kidole gumba kwa kidole cha mwisho, mikono yote miwili, na kwa sauti, hesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa kuondoa saba, au soma sura unayoihifadhi vizuri. Ukikwama mahali ambapo hujawahi kukwama, geuka wakati huohuo. Mjomba wangu aliyekuwa mvuvi alikuwa akipanga saa ya kurudi kabla ya kutweka tanga, na nilipomuuliza mbona asingoje aone bahari itakavyokuwa, alinijibu, “Mwanangu, ukishaiona bahari, yeye keshakuona zamani.”

Njia ndani ya wingu

Wingu likishuka kwenye mgongo mpana kama ule wa Ben Wyvis, kila upande huonekana sawa. Simu ni msaada mzuri, lakini baridi hunyonya betri yake na kioo kilicholowa hakitii kidole, kwa hiyo iweke mfuko wa ndani karibu na mwili na ubebe ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ndani ya plastiki, pamoja na dira. Dira usiinunue Mombasa. Sindano za dira husawazishwa kulingana na mahali duniani, na iliyotengenezwa kwa nchi za ikweta huinama na kukwaruza kioo ikipelekwa kaskazini ya mbali.

Unachoweza kujifunza hapa nyumbani ni hatua zako. Nenda uwanja wa Tononoka asubuhi, pima mita mia moja, na uzitembee mara kumi ukihesabu kila mguu wa kulia unapogusa chini. Wengi hupata kati ya 60 na 65. Ijue namba yako, kisha ujue kwamba kwenye mpando itaongezeka. Kwenye ramani ya 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita moja. Ukijua upande unaoelekea kwa dira na ukajua hatua, unaweza kutembea mita 400 ndani ya wingu na kujua ulipo. Kabla wingu halijakufunika, wakati bado unaona, chukua upande wa dira wa njia ya kurudi na uuandike. Anayetaka mazoezi ya kweli kabla ya kusafiri aende Taita na mtu anayeijua njia, apitie Voi hadi Wundanyi, na apande Vuria, ambako ukungu hushuka vilevile ingawa baridi yake ni ya upole.

Mambo mengine ni mafupi. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea mashambani kwa adabu, hivyo usiogope kupita ardhi ya mtu, ila funga kila lango ulilofungua. Kuanzia Agosti hadi Oktoba kuna uwindaji wa paa wakubwa, na matangazo njiani huonyesha sehemu za kuepuka. Usubi hukusanyika jioni zisizo na upepo. Kagua miguu kwa kupe. Kijito kilichofurika usikivuke. Ngoja au rudi, kwani maji hayo hupungua haraka kama yalivyojaa.

Ukipata ajali, piga 999 au 112, uombe polisi, kisha useme unahitaji uokoaji wa mlimani. Waokoaji wale ni wa kujitolea na hawatozi kitu. Simu yako isajiliwe mapema kwa huduma ya dharura ya ujumbe, kwa kutuma neno register kwenda 999, kwa sababu mara nyingi ujumbe hupita mahali ambapo sauti haipiti. Mtandao usipokuwepo, puliza kipenga mara sita ndani ya dakika moja, ngoja dakika moja, urudie. Tochi ya kichwani hutumika vivyo hivyo. Wakati unangoja, ingia ndani ya mfuko wa dharura, ule mkubwa wa plastiki wa rangi ya chungwa unaofaa kuwa begini kila safari, na ukalie begi ili usikalie ardhi.

Karatasi yenye njia yako, saa ya kugeuka na saa ya mwisho ya kurudi, mwachie mtu aliye Uskoti: mwenzako wa nyumba, msimamizi wa bweni, jirani. Usimwachie mama aliye Mombasa. Si kwamba hatajali. Ni kwamba akipiga 999 kutoka Likoni atapokewa na polisi wa Kenya, na usiku mzima utapita akijaribu kueleza jina la mlima ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Huyo wa kule mwambie waziwazi kwamba ikifika saa ya mwisho na hujapiga, asikuonee haya kuwapigia polisi. Nawe ukifika garini, mpigie kabla hujavua viatu, kisha ndipo umpigie mama.